Turubai la Watu Mia Tatu

2 Julai 1983
Tumemaliza kuchuma matunda ya rasiberi, mikono yangu bado myekundu mpaka viwikoni. Ushirika wa wakulima umenizawadia kalenda hii nene yenye nafasi ya kuandika kila siku. Jirani yangu Kosara hawakumpa. Sisemi neno. Nina madarasa manne tu, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuwaonyesha wengine, basi nitaandika majira haya ya joto yote, kwa sababu ni majira ya mwanangu.

Velibor, mtoto wangu wa pekee, amepimwa na madaktari wa jeshi huko mjini. Anafaa! Macho, mapafu, miguu, hata jino bovu hana. Septemba anakwenda kuwa kuruta. Kwetu wanasema asiyefaa kwa jeshi hafai kwa mchumba, kwa hiyo sasa mwenye binti na ajipange. Nimeshaagiza turubai la sherehe ya kumuaga. La Kosara, alipomuaga mwanawe Radiša mwaka juzi, lilikuwa la watu mia mbili na wengine walisimama kwenye mvua. Langu ni la watu mia tatu.

5 Julai
Mvua.

9 Julai
Kaka yangu Tihomir amekuja kula mchana. Yeye ndiye mjomba, sherehe ni yake kuiongoza, na kaka yangu akiongoza jambo hata viziwi husikia.

"Mpwa wangu," alimwambia Velibor huku akimpiga mgongoni, "utanyolewa kama kondoo wa Mei! Lakini kwanza tutakuaga mpaka dunia ijue. Kila meza unakunywa nao glasi moja ya rakia kali. Shangazi zako wanakufunga mataulo ya kutarizi kifuani. Halafu unashukuru watu kwa sauti ya kiume, unaongoza mnyororo wa ngoma ya kolo, unatuzungusha ua mzima, nami nafyatua bunduki yangu ya kuwindia mpaka paa litoboke."

"Paa la turubai au la nyumba?" akauliza Miloje, mume wangu.

"La jirani."

Tulicheka tukashika mbavu. Velibor naye alicheka. Kisha akatoka. Nilipokwenda kuchota maji nilimkuta nyuma ya ghala, ameinama, anatapika.

"Ni maharage, mama."

Nimemkaripia Miloje. Ndiye aliyenunua maharage yale.

14 Julai
Velibor ameanza kupasua kuni. Joto hili la Julai, jamani! Nani anawaza kuni? Mwanangu anawaza. Anajua baba yake mgongo unamuuma, anatuwekea akiba kabla hajaondoka. Niliwaambia wanawake wote dukani.

18 Julai
Kuni.

20 Julai
Ameziba uzio wa bustani, ameung'oa, ameuziba tena. Hali chakula chake mpaka mwisho. Nikimwita anashtuka kama mtu aliyeguswa na chuma cha moto. Alfajiri nasikia shoka. Miloje anasema, "Mwache, kijana anajenga misuli." Ila mimi nimemzaa. Mtu anayejenga misuli hatafuni kucha mpaka damu itoke.

Nimeamua kumpeleka kwa mganga Bibi Stamena akamwagiwe risasi ya kuondoa hofu.

22 Julai
Bibi Stamena ana miaka tisini na meno mawili, na anamwaga risasi vizuri kuliko mtu yeyote upande huu wa mto. Watu huletwa kwake hata kutoka mji wa Valjevo: watoto walioogopa mbwa, wanawake walioona nyoka, fundi mmoja aliyeanguka kutoka mnara wa kanisa na kuangukia nyasi. Unafunikwa shuka, yeye anayeyusha kipande cha madini ya risasi motoni, anakimwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chako. Risasi inapoganda inachukua sura ya kile kilichokutisha. Ukikijua, hofu inakuacha.

Velibor hakutaka. Nilimwambia, "Nifanyie mimi." Akakaa kwenye kigoda, shuka juu. Risasi ikalia shhhh. Bibi akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Naona miguu," akasema.

"Miguu ya nini, bibi?"

"Miguu mingi. Mingi mno. Na katikati hapa kitu kidogo, hakina miguu."

Nikapiga makofi. "Pweza! Ni pweza! Velibor, mwanangu, unakwenda kuwa mwanamaji!"

Chini ya shuka sauti ilitoka. Nilidhani anacheka.

23 Julai
Nimemwambia Kosara mlangoni kwake kabisa. "Wanamaji," nikasema. "Meli. Sare nyeupe."

Kosara ana tabia ya kufuta mikono kwenye aproni hata kama haijalowa. Akafuta, akafuta. "Velibor? Yule aliyevuka kijito kwa kubebwa mgongoni mpaka darasa la tano?"

"Alikuwa mwangalifu."

"Radiša wangu walimpeleka Belgradi kwenye gwaride, kwa sababu ya urefu wake."

"Ndiyo, jirani. Baharini urefu hauna kazi. Baharini wanataka akili."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama bi harusi.

3 Agosti
Joto. Kuni zimefika dirishani. Hakuna nyumba yenye kuni kama yetu kijiji kizima.

10 Agosti
Barua ya wito imekuja. Si wanamaji. Askari wa miguu, Bitola, kule mwisho wa Makedonia, ambako hakuna bahari. Aripoti tarehe 17 Septemba.

Velibor aliisoma amesimama, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha kwa uangalifu mkubwa kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Vizuri," akasema. Uso wake ulikuwa umelegea, karibu ametulia. Nilishangaa. Mimi ndiye niliyelia kidogo, kwa ajili ya sare nyeupe.

Kabla ya jioni Kosara alishapita kwenye uzio. "Nasikia Bitola wamepata bandari, jirani!"

Nikamjibu kwamba askari wa miguu ndio jeshi lenyewe, wengine wote ni mapambo. Pamoja na wale wa gwaride.

19 Agosti
Leo Tihomir amezunguka kualika. Kibuyu cha mbao kimejazwa rakia yetu ya matunda ya plamu, iliyokaa miaka saba, nimekivisha maua shingoni, na Velibor alipaswa kwenda naye nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba anapiga funda moja, anafunga maua yake au kitambaa, na hapo amealikwa. Akishakunywa, huwezi kumwambia asije, hata nyumba yako ikiungua. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu.

Nyumba tatu za kwanza walikuwa pamoja. Ya nne Tihomir aligeuka nyuma, hakuna mtu. Alimaliza kijiji peke yake, akarudi kibuyu kikiwa kimebeba maua mengi kuliko kaburi la askofu, naye mwenyewe akipepesuka.

"Dada, umezaa kijana au sungura? Nageuka, hayupo!"

Nilimkuta Velibor kwenye mahindi, amekaa chini kati ya mistari, mikono juu ya masikio.

"Ni jua," niliwaambia wote. "Jua la leo lingemwangusha ng'ombe dume."

Miloje alikula akiwa ameinamia sahani. Alipomaliza supu akaweka kijiko. "Ananiaibisha."

"Jua," nikasema.

"Radojka, lilikuwa limeingia mawinguni."

20 Agosti
Walioalikwa ni mia tatu na kumi. Nimemwambia Tihomir aongeze meza.

28 Agosti
Plamu zimeiva. Matawi yanagusa ardhi. Mgongo unaniuma.

3 Septemba
Nitaandika mengi.

Leo tumepika jamu. Sufuria yetu ya shaba, ile kubwa, plamu kapu kwa kapu tangu alfajiri, na mwiko mrefu kama reki. Jamu ya plamu haiachwi hata dakika. Ukiacha kukoroga inashika chini, na ikishika chini imekwisha. Miloje alikuwa kwenye mapipa ya rakia, tukabaki wawili kupokezana, mimi na Velibor. Moshi, nyigu, sukari hewani. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa namweleza jinsi nitakavyopanga meza, nani atakaa na nani, na kwamba Kosara nitamweka mbele kabisa ili asikose kuona kitu.

Alikuwa anakoroga haraka mno. "Polepole," nikamwambia. Hakupunguza.

"Mama, nikikuambia kitu hutamwambia mtu?"

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Hapo alicheka kweli, kicheko chake cha zamani, na kikakatika.

"Siogopi jeshi," akasema. "Naogopa kidogo, kama kila mtu. Lakini kule tutakuwa vichwa vilivyonyolewa mia moja, hakuna atakayejua mimi ni nani. Naweza kuogopa pale polepole, nikazoea. Ninachokiogopa ni turubai."

"Turubai gani?"

"Turubai lako, mama. Nafumba macho naliona. Nimesimama katikati na mataulo kifuani kama farasi wa maonyesho. Watu mia tatu wananitazama. Lazima ninywe, lazima niseme, lazima niongoze kolo, wakati mikono yangu haiwezi kushika hata glasi. Najiona nikifungua mdomo kushukuru na kutapika juu ya kitambaa cha meza, mbele ya Kosara."

"Utazoea. Glasi mbili za kwanza, utaona."

"Umewaambia watu wote siogopi. Dukani, kanisani, kwa yule wa posta. Kila ninapopita wananipiga mgongoni: 'Simba huyo!' Sasa hofu yangu niiweke wapi, mama? Umejaza nyumba nzima, hakuna hata pembe iliyobaki."

Ningepaswa kumshika. Mwanamke yeyote mwenye akili angemshika. Lakini mimi nilikuwa nawaona nguruwe niliokwisha kuwalipia, na wapiga tarumbeta kutoka mji wa Guča, na maua kwenye kibuyu. Nikasema, "Radiša wa Kosara aliweza."

Akaweka mwiko chini. Hakuutupa, aliuweka tu, kama alivyoiweka ile barua. Akaondoka. Mara nikasikia shoka.

Nilisimama pale. Miguu mingi, nikawaza, ya watu mia tatu, na katikati kitu kidogo. Pweza! Ee Mungu, pweza, na mtoto alikuwa chini ya shuka ile analia.

Harufu ndiyo iliyonizindua. Miaka ishirini na mbili ya ndoa sijawahi kuunguza jamu. Kosara aliinusa mpaka kwake, akaja na aproni yake. "Jirani, kuna nini kinaungua?" Niliushika mwiko, nikakwangua chini.

4 Septemba
Nimesugua sufuria siku nzima.

6 Septemba
Hatuongei. Ananisalimu, ananiletea maji, ni mwana mwema, lakini hatuongei. Wenye turubai wameleta nguzo. Wamezilaza uani. Anaziruka kama mtu anayeruka maiti.

9 Septemba
Mvua nyepesi. Tihomir amekuja kujaribu bunduki. Velibor alidondosha ndoo.

11 Septemba
Asubuhi niliamka na kitu hakikuwa sawa, sikujua nini. Kisha nikajua: shoka halilii. Nikaenda chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa. Sanduku hakuna.

Asiporipoti wanamfunga, na akitoka jela hakuna kazi, hakuna mchumba, hakuna uso wa kutazama watu. Nilikimbia na viatu vya Miloje miguuni, kilemba mkononi, nikipita kwa Kosara bila hata kuangalia kama yuko dirishani. Alikuwepo, bila shaka.

Velibor alikuwa kwenye kituo cha basi pale ushirika. Amekaa kwenye sanduku. Basi limesimama mlango wazi, na dereva Žika amejiegemeza nje anavuta sigara.

"Afadhali umefika, dada Radojka," Žika akasema. "Kijana wako wiki hii anapanda, anashuka, anapanda, anashuka. Nimuuzie tiketi ya kupanda au ya kushuka?"

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza mwanangu.

"Popote siendi. Najifunza." Masikio yalikuwa mekundu. "Nilitaka kuona kama naweza kupanda bila mtu kunitazama. Naweza, mama. Leo nilifika mpaka kwenye kiti, nikakaa. Sanduku nalibeba ili liwe kama kweli."

Žika akatupa sigara, akaondoa basi. Tulikaa wawili kwenye sanduku, likalalamika kwa uzito wangu. Mvua ilikuwa inaanza. Nilimtazama mikono, ile mikono, kucha zimeliwa, malengelenge ya shoka. Nilikuwa nimewaambia watu ni akiba ya kuni.

"Kama ungekuwa peke yako siku ya kuondoka," nikasema, "ungepanda?"

"Ningepanda."

"Ukiwa unaogopa?"

"Ndiyo. Lakini ningepanda."

Basi. Sikuwa na swali jingine.

12 Septemba
Nimemwambia Miloje. Aliupiga mlango wa ghala teke, kisha akaushika usiharibike, maana ni mpya.

"Watu wamekunywa kutoka kwenye kibuyu, Radojka! Huwezi kufuta sherehe!"

"Nani kafuta? Waje. Wale, wanywe, wacheze. Velibor tu ndiye hatakuwepo. Ataondoka na basi la alfajiri siku hiyohiyo, kabla tarumbeta hazijafika."

"Sherehe ya kumuaga mtu asiyekuwepo!"

"Kwenye harusi ya Kosara bwana harusi alikuwa amelala chini ya meza, na ndoa ikasimama."

Alikaa kwenye gogo. Kuni zilimzunguka kama kuta za ngome. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Atafika Bitola siku moja mapema."

"Nimemuuliza. Anasema atalala kituoni, halafu atalitazama lango la kambi likiwa limefungwa, alizoee."

Miloje akacheka puani. Kisha akaficha uso kwa kofia.

14 Septemba
Turubai limesimama. Ni kubwa kweli. Nililitazama na nikaogopa mimi.

15 Septemba
Alfajiri tulikwenda kituoni watatu. Miloje alibeba sanduku. Velibor aliniomba nisilie, sikulia. Niliuma pindo la kilemba mpaka likaloa. Mwanangu aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Akaushusha. Žika hakusema mzaha wowote. Alizima injini, akaanza kusafisha kioo ambacho kilikuwa safi. Velibor alivuta pumzi, akapanda. Alikwenda mpaka kiti cha nyuma, akakaa mikono katikati ya magoti. Hakupunga. Nilimwelewa: mikono ilikuwa na kazi ya kushikana. Basi lilikata kona ya ushirika, naye alikuwa bado ndani.

Mchana wakaja wote. Tarumbeta, kodiani, nguruwe watatu wakigeuka motoni, mataulo ya kutarizi mikononi mwa shangazi saba. Hakukuwa na kiti kilichobaki wazi isipokuwa kimoja, cha katikati. Minong'ono ilianza meza ya mwisho ikaja mbele kama moto kwenye nyasi.

Kosara nilimweka mbele kabisa, kama nilivyoahidi. Alifuta mikono. "Jirani, chakula kitamu. Askari yuko wapi?"

Uongo nilikuwa nao tayari, wala haukuwa mbaya. Jeshi limemwita mapema. Kwa haraka. Kazi maalumu. Niliuandaa siku tatu, ungewatosha mpaka Krismasi. Nilipanda juu ya benchi, Miloje akanishika sketi nisianguke, na watu mia tatu na kumi wakageuka wakanitazama. Ndipo nilipojua. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno! Nilitaka kushuka na kukimbilia kwenye mahindi.

"Ameondoka," nikasema. "Na basi la alfajiri."

"Ametoroka!" mtu akapaza sauti huko nyuma.

"Amekwenda Bitola. Hakutaka mumtazame. Mwanangu aliogopa." Mafuta ya nguruwe yalidondoka motoni. "Aliogopa tangu Julai. Aliogopa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuagwa kijiji hiki, na mkibisha leteni wenu tulinganishe! Nyinyi wanaume wote mlioko hapa, nani kati yenu alipanda basi lile kwa miguu yake? Mlitupwa ndani kama magunia, mmelewa, hamjui kama mnakwenda jeshini au sokoni. Wangu alipanda mwenyewe. Hajanywa hata tone. Alikuwa anatetemeka, na alipanda!"

Hakuna aliyepiga makofi. Nilishuka. Tihomir alikuwa anaitazama bunduki yake kama hajui aliipata wapi. Akaiegemeza kwenye nguzo, akamgeukia mpiga kodiani. "Na wewe umekuja kulala?"

Watu wakarudi kwenye sahani zao. Wengine walinitazama vibaya, na shangazi wawili waliondoka na mataulo yao. Hilo wataliongea mpaka nife. Nilikaa kwenye kile kiti cha katikati.

Kosara akaja na glasi mbili, akaketi karibu yangu. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya aproni.

"Radiša wangu," akasema mwishowe, akitazama ngoma, "walimbeba watu wanne kumpandisha basi."

"Najua, jirani," nikamwambia. "Mguu wa kushoto niliushika mimi."